Uhamisho Si Hukumu

Kuna adhabu moja ya kiserikali ambayo sisi watu wa Singida tunaijua kuliko watu wa Dar es Salaam. Inaitwa uhamisho. Mtumishi akiharibu kazi mjini, wenzake humtania: jiandae, safari hii ni Singida. Tumezoea kuucheka utani huo. Pamoja na ndugu zetu wa Kigoma, Rukwa na Katavi tumefanywa anwani ya makosa ya wengine, na wote wanaoletwa tunawapokea, tunawauzia kuku na mafuta ya alizeti, maisha yanaendelea.

Yupo mtumishi mmoja ambaye sitaki nimpokee hivyo. Ni askari magereza aliyempiga mtu aliyekuwa chini ya ulinzi wake, au mkuu wa gereza aliyesimama kando akiangalia, kisha akapewa barua ya uhamisho na nauli ya kusafirisha mizigo. Huyo hajaadhibiwa. Amebadilishiwa tu watu wa kuwapiga. Wafungwa wa Manyoni na Kiomboi hawataambiwa alifanya nini huko alikotoka, na sisi tunaoishi nje ya ukuta hatutaambiwa pia. Tutasikia ile sentensi inayofunga mijadala katika nchi hii: hatua zimechukuliwa.

Ninachosema hapa ni kifupi. Ukatili dhidi ya mtu aliye kizuizini ni kosa la jinai, na kosa la jinai lina mahali pake: jalada, mwendesha mashtaka, hakimu, mlango wa mahakama ulio wazi. Nidhamu ya ndani ya Jeshi la Magereza ina kazi yake, ila haiwezi kukaa mahali pa mahakama. Kujiuzulu hakuwezi. Uhamisho ndio kabisa.

Nafanya kazi ya usaidizi wa kisheria, kwa hiyo hukutana na watu waliotoka rumande. Mmoja wao nilimfahamu tangu shule ya msingi. Alikaa ndani miezi 11 kwa kesi ya wizi ambayo baadaye iliondolewa mahakamani. Gereza alilokaa sitalitaja. Alitoka na vidole viwili vya mkono wa kushoto visivyokunja, na kwa fundi seremala hiyo ni hasara ya kila siku. Nilipomuuliza, alisema alianguka. Nikamuuliza alianguka wapi. Akaniangalia kidogo, akasema, "Kaka, kule watu wote huanguka."

Hakutaka kushtaki. Nilipojaribu kumweleza njia, niligundua kwamba hata mimi sikuwa na njia ya kumwonyesha aliyekuwa bado yuko ndani. Kila Mtanzania aliyewahi kupigwa anajua habari ya PF3, ile fomu ya polisi unayoibeba kwenda hospitali ili majeraha yako yaandikwe kama ushahidi. Sasa fikiria mahabusu. Ili apate fomu inabidi amwombe askari yuleyule aliyempiga, au rafiki yake, au mkubwa wake. Atakayemtibu ni mhudumu wa zahanati ya gereza, aliye chini ya mkuu yuleyule. Atakapofikishwa mbele ya hakimu baada ya siku 14, uvimbe umeshuka. Kwa kosa lolote jingine tungesema mshtakiwa ameachiwa ufunguo wa kabati la ushahidi. Kwa kosa hili tunaita utaratibu.

Kitenzi "kuanguka" kina historia ndefu kuliko tunavyodhani. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola nchini Kenya, wafungwa 11 wa vita vya Mau Mau walipigwa hadi kufa kwa sababu waligoma kufanya kazi ya kulazimishwa. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilisema walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Uchunguzi wa kitabibu ukaonyesha vipigo. Bunge la Uingereza lilijadili hadi usiku wa manane, hotuba kali zilitolewa, na mwisho wake hakuna hata mtu mmoja aliyeshtakiwa kwa vifo hivyo. Ilibidi wazee wa Kenya wasubiri hadi mwaka 2013 ndipo Uingereza ikubali kuwalipa zaidi ya waathirika 5,000 wa ukatili wa miaka ile. Waliopiga walikwishazeeka au kufa wakiwa watu huru.

Ukoloni ukaondoka, kitenzi kikabaki. Septemba 2000, katika gereza la King'ong'o mjini Nyeri, wafungwa 6 waliokuwa wakisubiri kunyongwa walikufa. Wakubwa wa gereza walisema walikuwa wakitoroka, wakaanguka walipokuwa wakiruka uzio. Madaktari waliopasua miili walikuta majeraha ya kupigwa. Safari hii, kwa kuwa miili ilichunguzwa na watu wasiolipwa mshahara na gereza, jalada lilifunguliwa, na mwaka 2008 Mahakama Kuu mjini Nyeri ikawatia hatiani askari magereza kwa mauaji. Ilichukua miaka 8. Kati ya Hola na King'ong'o hakukuwa na tofauti ya uongo. Tofauti ilikuwa kwamba mara ya pili mtu wa nje alishika kalamu.

Sisi Watanzania tuna hadithi yetu, na tunaipenda sana, labda kupita kiasi. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, majirani zetu wa kaskazini, serikali iliendesha operesheni ya kuwasaka waliotuhumiwa kwa mauaji yaliyohusishwa na uchawi. Watu walikamatwa kwa wingi, wakateswa na maofisa wa polisi na usalama, na baadhi yao wakafia mikononi mwa serikali. Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu. Alijiuzulu pia waziri mwenzake Peter Siyovelwa, na wakuu wa mikoa hiyo miwili, Peter Kisumo na Marco Mabawa.

Mzee Mwinyi alipofariki Februari 2024, nilisoma tanzia nyingi, na karibu kila moja ilikikumbuka kitendo kile kama kilele cha uwajibikaji. Sina ugomvi na marehemu. Alifanya jambo ambalo mawaziri wengi baada yake hawakulithubutu, na miaka 8 baadaye akawa Rais wa nchi. Ugomvi wangu ni na sisi tunaosimulia. Muulize kijana yeyote aliyesoma uraia sekondari: atakuambia aliyejiuzulu ni nani. Kisha muulize waliokufa walikuwa akina nani, walikufa katika chumba gani, waliowatesa walifanywa nini. Atanyamaza. Hata sehemu iliyo bora ya hadithi ile tumeisahau: kwamba baadhi ya maofisa waliotesa walipelekwa mahakamani, wakasomewa mashtaka, wakatiwa hatiani, wakafungwa. Hicho ndicho kilichokuwa kigumu, na ndicho kilichopaswa kufundishwa. Tumechukua barua ya waziri tukaitundika ukutani, hukumu tukaiacha makavazini.

Matokeo yake tunayaona. Kila kashfa ya mahabusu inapotokea, tunadai mtu ajiuzulu. Akijiuzulu, tunashangilia, akihamishwa, tunaridhika, asipofanywa lolote, tunakasirika wiki moja. Hatuulizi namba ya kesi. Tumefundishwa kwamba uwajibikaji ni tabia njema ya mkubwa, kumbe ni haki ya aliyepigwa.

Wapo watakaosema: lakini sheria zipo. Kweli zipo, na nyingine ni nzuri kuliko tunavyostahili kwa jinsi tunavyozitumia. Ibara ya 13(6) ya Katiba inataka heshima ya mtu itunzwe anapokuwa chini ya ulinzi bila uhuru na pia wakati adhabu yake inapotekelezwa. Inapiga marufuku mtu kuteswa au kuadhibiwa kinyama. Haisemi "mtu asiye na hatia". Inasema mtu. Sheria ya Magereza ya mwaka 1967 inawaruhusu mahakimu kuingia gerezani, kukagua na kusikiliza malalamiko. Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya mwaka 1980 inataka kifo cha mtu aliye kizuizini kitolewe taarifa na kichunguzwe na mchunguzi wa vifo, ambaye kwa kawaida ni hakimu. Ikionekana kuna kosa, suala linakwenda kwa Mkurugenzi wa Mashtaka.

Tuisome tena sentensi hiyo ya mwisho, kwa sababu ndiyo mhimili wa hoja yangu. Kwa mujibu wa sheria yetu wenyewe, mtu akifia gerezani, swali la amekufaje haliachiwi gereza. Linaulizwa na hakimu. Anaweza kuita mashahidi, wafungwa wakiwemo. Anaweza kumhoji daktari. Ndugu wa marehemu wanaweza kukaa pale wakasikiliza. Ni mara ngapi umesikia kikao cha namna hiyo kimetangazwa kwenye ubao wa mahakama ya wilaya yako? Mimi napita mbele ya mbao hizo kila wiki. Nimeona matangazo ya mirathi, ya minada, ya talaka, ya mashamba. Tangazo la kikao cha kuchunguza kifo cha mfungwa sijaliona hata siku moja. Ninachokiona ni ndugu wakikabidhiwa mwili na cheti kilichoandikwa ugonjwa.

Na asiyekufa, aliyevunjwa tu vidole? Huyo ana njia finyu zaidi. Sheria zetu za jinai hazina kosa linaloitwa utesaji. Askari aliyempiga mfungwa aliyefungwa pingu atashtakiwa, akishtakiwa, kwa shambulio la kudhuru mwili, ambalo adhabu yake haizidi miaka 5. Ni kosa lilelile la mlevi aliyempiga mwenzake chupa kilabuni. Sheria haioni kwamba mmoja wao alikuwa amevaa sare, ana funguo, na aliyepigwa hakuwa na pa kukimbilia. Uganda waliliona hilo wakatunga sheria ya kuzuia na kupiga marufuku utesaji mwaka 2012. Kenya wakafuata mwaka 2017. Sheria hizo humfuata mtesaji yeye binafsi, na hazimpi nafasi ya kujificha nyuma ya amri ya mkubwa. Sisi hata Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Utesaji, wa mwaka 1984, hatujauridhia.

Njia ya madai nayo imejaa miiba. Ukitaka kuishtaki serikali unatoa notisi ya siku 90 kwanza. Ukishinda, fidia inatoka hazina, yaani kwa mama muuza vitunguu wa Misuna na kwa mkulima wa alizeti wa Iramba. Aliyepiga halipi senti yake. Ukitaka kwenda Mahakama Kuu kudai haki za kikatiba, marekebisho ya mwaka 2020 yalitaka ueleze kwa kiapo jinsi jambo hilo lilivyokugusa wewe binafsi. Aliyeguswa zaidi ya wote yuko kaburini, au yuko ndani akiwaogopa wanaomfungia mlango usiku. Na ukiangalia Arusha, ilipo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, serikali yetu Novemba 2019 iliondoa tamko lililowaruhusu raia na asasi kupeleka kesi moja kwa moja. Mahakama iko kwetu, basi la asubuhi kutoka Singida linafika siku hiyohiyo, mlango ndio umefungwa.

Hata hivyo sikubali kwamba haiwezekani. Tumeona inawezekana. Januari 2022, mkoani Mtwara, mfanyabiashara wa madini aliuawa akiwa mikononi mwa polisi. Maofisa 7 walifikishwa mahakamani. Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza iundwe timu nyingine ya uchunguzi, kwa hoja ambayo mwanafunzi wa darasa la tano anaielewa: waliotuhumiwa hawawezi kujichunguza. Mwaka 2025 Mahakama Kuu huko Mtwara iliwahukumu maofisa wawili kunyongwa hadi kufa. Na upande wa Magereza, mkuu wa gereza la wilaya ya Liwale mkoani Lindi alisimamishwa kizimbani pamoja na wenzake kwa mashtaka ya kumuua mtu aliyekuwa chini ya ulinzi wao. Kwa hiyo mkuu wa gereza si nabii. Anaweza kukamatwa, anaweza kusomewa mashtaka, anaweza kujibu mbele ya jaji kama wewe na mimi.

Sifurahii kitanzi. Mahakama Kuu ya Dodoma, ambako kesi kubwa za mkoa wetu zimekuwa zikipelekwa kwa miaka mingi, ndiko Jaji James Mwalusanya alikotamka mwaka 1994 kwamba adhabu ya kifo ni ya kikatili na inavunja Katiba. Mahakama ya Rufani ikakubali mwaka uliofuata kwamba ni ya kikatili, ila ikaiacha iendelee. Mimi nipo na Mwalusanya. Siwezi kudai utu wa mfungwa kisha nikadai shingo ya askari. Ninachotaka ni kesi: ya haraka, ya wazi, ya kila tukio. Hukumu moja kubwa kila baada ya miaka kumi haimtishi mtu anayejua kwamba vipigo vingine vyote vitaishia kwenye kitabu cha zahanati. Kinachomzuia askari mwenye rungu ni uhakika kwamba kesho mtu asiye wa gereza atauliza.

Nimezungumza na askari magereza. Ni majirani zetu. Watoto wao wanasoma na wadogo zetu, tunakutana nao sokoni. Wana malalamiko ya kweli. Nyumba zao zimechakaa, ni wachache kuliko wanaowalinda, na humo ndani wamo watu hatari kweli. Wanaposema sheria inawapa nguvu ya kuzuia mtu asitoroke au asimuue mwenzake, wanasema kweli, na hakuna mahakama itakayomfunga askari aliyetumia nguvu ya kiasi kuokoa maisha. Lakini hoja yao hiyo inanisaidia mimi. Kama nguvu ilikuwa halali, uchunguzi wa hakimu ndio utakaomsafisha askari mwema. Bila uchunguzi, mwema na mkatili wanavaa doa moja. Anayefaidika na giza ni mmoja tu kati yao.

Msongamano nao hutajwa kama udhuru. Novemba 2002, wilayani Mbarali, Mbeya, watu 17 walikufa kwa kukosa hewa ndani ya chumba kimoja cha mahabusu. Hakuna aliyewapiga rungu. Lakini mlango wa chumba haukujifunga wenyewe, na watu wanaokosa hewa hawafi kimya. Kuna aliyesikia. Kukataa kufungua mlango pia ni tendo la mtu, na mtu ana jina. Msongamano unaeleza kwa nini chumba kilijaa. Haumwelezi aliyekuwa na ufunguo.

Mwaka 2023 tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilimkabidhi Rais ripoti kuhusu taasisi za haki jinai, Magereza ikiwemo. Tumeshachunguzwa vya kutosha. Yanayohitajika sasa hayahitaji tume nyingine wala fedha za wafadhili. Hakimu wa kila wilaya atumie mamlaka aliyonayo tangu 1967: aingie gerezani bila kutoa taarifa, azungumze na mahabusu bila askari kusikia, aandike. Kila kifo cha gerezani kifanyiwe uchunguzi katika mahakama ya wazi, tangazo libandikwe ubaoni. Majeraha ya mfungwa yaandikwe na daktari wa hospitali ya serikali, asiye chini ya mkuu wa gereza. Askari anayetuhumiwa asimamishwe kazi palepale, asihamishwe, mpaka Mkurugenzi wa Mashtaka aseme kwa maandishi anashtaki au hashtaki, na kwa nini. Bunge lilitaje kosa la utesaji kwa jina lake.

Na sisi tuliosoma kidogo tuna sehemu yetu. Tuache kuuliza nani atajiuzulu. Tuulize kikao cha uchunguzi wa kifo kitakaa lini, mahakama ipi, mbele ya hakimu gani, kisha twende tukakae kwenye benchi la nyuma na daftari. Mahakama ni ya wazi, hakuna kiingilio. Wanafunzi wa sheria wanaokuja huku likizo wanaweza kuanza na mahakama za wilaya za kwao. Ndugu wa marehemu anapoulizwa kama ana swali, mara nyingi huinamisha kichwa kwa sababu yuko peke yake. Asiwe peke yake.

Halafu yule ofisa mwenye barua ya uhamisho mkononi akifika stendi na mizigo yake, tumkaribishe kama tunavyowakaribisha wote, tumwonyeshe nyumba ya kupanga, na tumuulize kwa heshima: Afande, shikamoo. Kesi yako ni namba ngapi?